Kupona na Kutengamaa

Kiharusi kimezoeleka kuhesabiwa miongoni mwa maradhi ya uzee. Watu wasikiapo kwamba fulani amepooza upande, fikira zao huenda kwa babu mwenye mvi na mkongojo, wala haziendi kwa mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi jana. Kwa hiyo ugonjwa huu unapomwangukia mtoto wa miaka sita, kitu cha kwanza kupotea ni jina lake. Huitwa degedege, huitwa upepo mbaya, huitwa kazi ya adui. Na wakati majina yakishindana, mtoto amelala mkekani, mdomo umekwenda upande, na mkono wake hauitiki wito.

Maswali mawili huzuka mbele ya mkeka huo. La kwanza ni la utabibu, nalo huuliza nini chaweza kufanywa. La pili ni la maadili, nalo huuliza nini kinadaiwa, nani anadaiwa, na mpaka lini. Swali la kwanza lina wataalamu wake. La pili halina mtaalamu, kwa hiyo aghalabu huachwa kwa mama wa mtoto alijibu peke yake, usiku, akiwa amechoka. Insha hii yahusu swali hilo la pili, na kwa kuwa maadili yasiyosimama katika nchi fulani huelea hewani, mahali pake ni mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania.

Yafaa kwanza kujua jambo lenyewe. Kiharusi ni kukatika kwa damu iendayo katika sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba, ama kwa mshipa kupasuka. Sehemu iliyokosa damu hufa, na kazi iliyokuwa ikisimamiwa nayo husimama. Upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili, na wa kulia hutawala wa kushoto. Hivyo mtoto huamka nusu ya mwili wake ikiwa mgeni kwake. Kwa watu wazima shinikizo la damu ndilo mshitakiwa mkubwa. Kwa watoto washitakiwa ni wengine: maradhi ya moyo ya kuzaliwa nayo au yaliyopatikana utotoni, homa ya uti wa mgongo, majeraha ya kichwa na shingo; na katika nchi nyingi za Afrika ugonjwa wa selimundu uko mbele miongoni mwa sababu hizo. Malaria kali iliyopanda kichwani nayo huweza kumwacha mtoto amepooza upande mmoja.

Tanzania ni mojawapo ya nchi chache za dunia zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu. Kadirio linalotajwa sana ni watoto 11,000 kila mwaka. Ugonjwa huu umeenea zaidi katika Kanda ya Ziwa na pwani, lakini Singida iko njia panda ya watu wa bara, na damu za watu hazisimami mpakani. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo, hujikunja mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa, na mishipa ya ubongo ikiwamo. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba kiasi cha watoto 11 katika kila 100 wenye aina kali ya ugonjwa huu hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20.

Hapa sayansi imeweka mkononi mwa maadili hoja yenye uzito. Mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alitangaza matokeo ya uchunguzi alioufanya Afrika ya Mashariki. Alionyesha kwamba mtu aliyerithi chembe ya urithi ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na ukali wa malaria. Ndiyo sababu urithi huo haukufutika katika nchi zenye mbu, ingawa una mauti ndani yake. Aliyeupata kwa mzazi mmoja huishi, na pengine huishi kwa ajili yake. Aliyeupata kwa wazazi wote wawili huugua. Wazazi wawili wenye chembe hiyo wakijaliwa mimba, kila mimba ina sehemu moja katika nne ya kumleta mtoto mgonjwa.

Maana yake yastahili kutazamwa vizuri. Kinga iliyowavusha mababu wengi katika bonde la malaria haikuwa ya bure. Ililipiwa, na mpaka leo inalipiwa, na mtoto mmoja hapa na mwingine pale. Wengi walikula karamu, na wachache wanaletewa hesabu. Mtoto anayelala na nusu ya mwili iliyopooza analipa bei ya uhai ambao jamaa zake, majirani zake na watu asiowajua waliurithi wakiwa salama. Kama ndivyo, kile ambacho mtoto huyo anapewa na ukoo wake, kijiji chake na dola yake hakiwezi kuitwa sadaka. Sadaka ni kitu ambacho mtoaji angeweza kukizuia bila kumdhulumu mtu. Hiki ni sehemu ya deni.

Yamkini mtu atapinga kwamba hapana deni pasipo mkopo, na kwamba hakuna aliyeketi na mtoto huyo akaafikiana naye kwamba augue ili wengine wapone. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini nguvu yake ni ya sokoni. Katika mambo ya uhai watu hupokea mengi pasipo mkataba. Anayekunywa maji ya kisima kilichochimbwa kabla hajazaliwa hakuandikiana chochote na wachimbaji. Hata hivyo akimkuta mtoto wa mmoja wao ametumbukia ndani ya kisima hicho hicho, hawezi kunywa, kufuta midomo, na kusema kwamba shauri hilo halimhusu.

Pingamizi la pili ni kali zaidi. Wako watoto waliopatwa na kiharusi kwa sababu ya moyo, au homa ya uti wa mgongo, au kuanguka mtini. Damu yao haikumkinga mtu. Je, hao hawadai kitu? Wakiachwa nje, hoja ya urithi itakuwa imejenga nyumba yenye mlango mwembamba mno. Basi chini ya deni la urithi lazima pawe na msingi mpana, nao ni malezi. Hakuna binadamu atembeaye leo ambaye hakushikwa mikono miwili na mtu aliyeinama mbele yake akimwambia, simama dede. Hakuna asemaye ambaye hakurudiwa neno moja mara mia. Mzazi hamwandikii mtoto wa mwaka mmoja hesabu ya siku alizomshika mkono. Mtoto aliyepigwa na kiharusi akiwa na miaka minane amerudishwa kwenye mlango aliokwisha kuupita. Anahitaji malezi ya pili. Na kama malezi ya kwanza yalikuwa haki yake, ni vigumu kuonyesha kwa hoja gani malezi ya pili yawe hisani.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo hutupwa katika kapu moja, kupona na kutengamaa. Kupona ni kuondokewa na ugonjwa au kuokoka na hatari. Kutengamaa ni kutulia na kukaa sawa baada ya kuyumba: bahari hutengamaa baada ya tufani, nyumba hutengamaa baada ya ugomvi, nchi hutengamaa baada ya vita. Nchi iliyotengamaa haijawafufua wafu wake, wala haijarudi kuwa kama ilivyokuwa. Imepata namna ya kuishi, kulima, kuoana na kucheka pamoja na makaburi yake. Haikuwa bahati tu kwamba huduma zinazomfuata mgonjwa baada ya tiba ya kwanza zimeitwa utengamao katika lugha ya hospitali na serikali.

Wasiotofautisha maneno hayo huangukia kosa moja kati ya mawili. Wa kwanza huamini kwamba mtoto aliyeokoka kifo amekwisha kupona. Humchukua nyumbani, humlaza, na kumshukuru Mungu, na miezi ile iliyo bora kuliko yote hupita bure. Wa pili hungoja kupona kamili, na mkono usiporudi kama ulivyokuwa hukata tamaa na kuacha kila kitu. Wote wawili hawakosi upendo. Wanakosa neno la tatu baina ya uzima na ugonjwa.

Ubongo wa mtoto una uwezo wa kujipanga upya, sehemu iliyosalimika ikijifunza baadhi ya kazi za ile iliyokufa. Uwezo huo una mipaka, tena kiharusi kimpatacho mtoto mchanga huweza kudhuru masomo ambayo bado hajayaanza. Maendeleo ya haraka huonekana miezi ya kwanza, kisha hupungua kasi pasipo kukoma. Watoto wengi hurudia kutembea. Mkono huchelewa, na vidole huchelewa zaidi. Baadhi huachiwa kifafa, uzito wa ulimi, usahaulifu, au hasira za ghafla ambazo jamaa huziona kuwa utovu wa adabu. Msuli usiotumika hukakamaa, na kiungo kilichokakamaa hupinda, na kikishapinda hudai kazi kubwa kuliko ile iliyoachwa mwanzoni.

Mtaalamu wa viungo huanza na mambo yaonekanayo madogo: jinsi ya kumlaza mtoto ili bega lisining'inie, kunyoosha kiwiko, kifundo na vidole kila siku, kumsimamisha, kumfundisha kuutwika mguu dhaifu uzito wa mwili. Huenda ikahitajika banzi la kushikilia kifundo au kiatu cha kuzuia mguu usiburute. Kisha kazi huingia nyumbani, na nyumba ya Singida haina upungufu wa vyombo vya kazi hiyo. Kupukuchua mahindi, kumenya karanga, kuchambua mbegu za alizeti, kuwatupia kuku punje za mtama, kutenga vitunguu vikubwa na vidogo, kuchota maji kwa kata: kila moja ya kazi hizi ina kushika, kuachia, kugeuza na kupima nguvu, na hayo ndiyo mambo manne ambayo mkono uliopooza umeyasahau.

Iko njia moja ya tiba inayostahili kufikiriwa na watu wa maadili kama ilivyofikiriwa na watu wa utabibu. Mkono mzima wa mtoto hufungwa kwa kitambaa au huvikwa mfuko kwa saa chache kila siku, kwa muda wa majuma kadhaa, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Msingi wake ni uchunguzi wa Edward Taub wa Marekani. Yeye aliona kwamba kiungo kilichodhoofika hujifunza kutotumika: kila kinapojaribu hushindwa, na kila kinaposhindwa mwenzake huimaliza kazi, mpaka hatimaye kinaacha kujaribu hata pale ambapo nguvu zimekwisha kurudi. Udhaifu wa kwanza ni wa ubongo. Wa pili ni wa mazoea.

Je, ni halali kuufunga mkono ulio mzima wa mtoto ambaye amekwisha kunyimwa mmoja? Anayemtazama mtoto akilia mbele ya bakuli, mkono mwema umefungwa na mwingine unatetemeka, huona ukatili mtupu. Lakini uhalali wa jambo hautambulikani kwa machozi peke yake, maana mtoto hulia kwa sindano na hulia kwa fimbo. Vipo vipimo vinne. Kwanza, taabu iwe kwa faida ya mwenye taabu, wala si kwa raha ya mtazamaji. Pili, iwe na kiasi na muda unaojulikana. Tatu, mtoto aelezwe sababu kwa maneno ya umri wake, na akubali kadiri umri wake unavyoruhusu kukubali. Nne, ifanane na mchezo zaidi ya adhabu. Taabu iliyopita katika vipimo hivyo ni malezi. Ile isiyopita ni mateso, hata ikiitwa tiba.

Ndani ya kitambaa hicho kuna fundisho kubwa kuliko mkono. Jamaa za mtoto nao ni mkono mzima. Bibi humlisha, dada humvika, kaka humbeba mgongoni, na kila mmoja huharakisha kumaliza kile ambacho mtoto angekimaliza kwa taabu. Nia ni njema, na matokeo ni kwamba mtu mzima ndani ya mtoto hujifunza kutotumika. Amlishaye mtoto awezaye kujilisha polepole humwokoa na taabu ya siku moja na kumwachia taabu ya maisha. Ukali usio na kiasi hutesa. Huruma isiyo na kiasi hufunga.

Hata hivyo si haki kuihukumu huruma hiyo haraka. Mtoto anayejifunza upya kula huhitaji nusu saa ambapo nduguye huhitaji dakika tano. Na mama mwenye chungu motoni, ndoo kisimani na mtoto mwingine mgongoni hana nusu hiyo ya saa. Humlisha kwa sababu muda umekwisha, kisha hulaumiwa kwamba amemdekeza. Muda ni mali, na ni mali ambayo maskini hunyang'anywa kabla ya nyingine zote. Anayehubiri subira kwa mama huyo bila kumpunguzia mzigo amemwongezea mzigo mwingine, wa kujiona mkosaji.

Swali la nani anadaiwa huanzia hapo. Mkoa wa Singida, ulioanzishwa mwaka 1963, una eneo la kilomita za mraba zipatazo 49,000 na, kwa sensa ya mwaka 2022, watu wapatao milioni 2. Hospitali ya rufaa iko Singida mjini. Itigi iko hospitali ya St. Gaspar, na ng'ambo ya mpaka wa mkoa iko Haydom, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955. Kwa mtu wa kijiji cha ndani cha Mkalama, Ikungi au Manyoni, kila moja ya hizo ni safari yenye nauli, chakula cha njiani na siku zilizopotea. Mvua ya nchi hii ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Siku ya kupanda ikipotea, njaa hairudishi nauli. Na mazoezi ya viungo hayafanani na sindano inayochomwa mara moja. Ni kazi ya siku elfu.

Kwa ajili ya nchi za namna hii, baada ya mkutano wa Alma Ata wa mwaka 1978 juu ya huduma za msingi za afya, Shirika la Afya Duniani lilieneza fikira ya utengamao ndani ya jamii: ujuzi usibaki hospitalini, uende kijijini, ufundishwe kwa jamaa na majirani. Fikira hiyo ni njema na ya busara. Ina hatari moja tu, kwamba neno jamii likitazamwa kwa karibu huonekana kuwa jina la heshima la mama. Kamati huitwa jamii, mkutano huitwa jamii, lakini anayenyoosha vidole vya mtoto alfajiri ni mwanamke mmoja. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wangeweza kusema pia kwamba haumlei mara ya pili.

Ugumu mkubwa kuliko wote umo ndani ya nyumba. Mzazi ana watoto watano na mbuzi watatu. Mbuzi mmoja ni nauli ya mtoto mgonjwa kwenda kliniki. Mbuzi huyo huyo ni sare na madaftari ya mtoto aliye mzima. Wapo wasemao, kwa sauti ya chini, kwamba busara ni kumpa yule mzima, kwa kuwa yeye ndiye atakayeitunza nyumba kesho. Kauli hiyo haipaswi kudharauliwa, maana aghalabu hutoka kwa mtu anayeumia. Lakini ikichukuliwa kuwa kanuni, humpima mtoto kama apimwavyo ng'ombe wa jembe, kwa mtaro atakaouchora. Kipimo hicho kikiingia nyumbani hakitaishia kwa mtoto mmoja. Kitamfikia bibi asiyelima tena, kitamfikia mchanga asiyelima bado, na siku moja kitamfikia mpimaji mwenyewe.

Upande wa pili wa hoja nao una haki yake. Haiwezekani kumwamuru mzazi auze kila kitu kwa ajili ya mmoja na kuwaacha wanne mikono mitupu. Wajibu kwa mtoto mmoja hukoma pale unapoanza kumdhulumu mwingine. Je, deni linakoma hapo? Hasha. Deni halifi kwa mdaiwa wa kwanza kuishiwa. Hupita kwa mdhamini. Wadhamini wa mtoto, nyuma ya wazazi, ni ukoo, kisha kijiji, kisha dola. Anayemlaumu baba kwa kushindwa kulipa, ilhali yeye ni mdhamini aliyekaa kimya, ameugeuza umaskini wa mwenzake kuwa kificho chake.

Dola ya Tanzania imekwisha kuandika jina lake katika hati ya udhamini. Mwaka 2009 iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu na ikatunga Sheria ya Mtoto. Mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Haki iliyo katika kitabu ni mbegu iliyo ghalani: ni kosa kuidharau, na ni kosa kubwa zaidi kuidhani kuwa mavuno. Hupimwa kwa maswali ya kawaida sana. Je, yuko mtaalamu wa viungo wilayani? Je, yupo mtu wa kumfikia mtoto kijijini katika msimu wa kilimo? Je, banzi likivunjika hutengenezwa wapi?

Kuna deni jingine lisilohitaji fedha, nalo ni kuacha kulaumu. Msiba usioeleweka hutafutiwa mtu. Singida yenyewe inaikumbuka hofu ya miaka ya 1946 na 1947, wakati vifo vya kutisha katika Unyaturu viliponasibishwa na watu-simba na kesi za mauaji zikaendeshwa. Bila kuingia katika hukumu za wakati ule, fundisho moja labaki: siku msiba unapoanza kutafutiwa mtu, jirani hugeuka mnyama machoni pa jirani. Katika kiharusi cha mtoto lawama huenda kwa shangazi, au kwa mke mwenza, na mara nyingi kwa mama aliyezaa. Wako waume walioondoka wakisema kwamba ugonjwa umetoka upande wa mke. Kwa selimundu kauli hiyo ni ya uongo kwa hesabu yenyewe: mtoto asingeugua kama chembe hiyo isingetoka kwa baba pia. Hapa elimu ya damu inafanya kazi ya kadhi.

Shuleni lawama hubadilika sura. Selimundu huleta pia viharusi vya kimya, ambavyo havipoozi mkono wala mguu, lakini hula taratibu uwezo wa kukumbuka na kuzingatia. Navyo huwapata watoto wengi zaidi kuliko wale wanaopooza. Mtoto aliyekuwa wa tatu darasani huwa wa thelathini, na huitwa mvivu. Fimbo humwangukia kwa kosa lililotendwa na mshipa. Shule ya Msingi Mchanganyiko Ikungi, inayowapokea wasioona na wenye ualbino pamoja na wenzao, yaonyesha kwamba darasa huweza kupangwa kwa kadiri ya watoto badala ya watoto kukatwa kwa kadiri ya darasa. Mtoto aliyetoka katika kiharusi huomba madogo: kiti upande unaofaa, muda wa ziada, ruhusa ya kuandika kwa mkono wa pili, na mwalimu ajuaye kwamba upole wa kujibu haufanani na ujinga.

Mwisho liko jambo ambalo likisahauliwa mengine yote huwa bure. Mtoto mwenye selimundu aliyepatwa na kiharusi akaachwa pasipo kinga, uwezekano wake wa kupatwa tena wazidi nusu, na aghalabu ni ndani ya miaka 2 au 3. Kuunyoosha mkono wake kila siku huku damu yake imeachwa kama ilivyokuwa ni kuezeka nyumba ambayo msingi wake unaliwa na maji. Kinga ipo. Uchunguzi mwingine uliotangazwa Marekani mwaka 1998 ulithibitisha kwamba watoto walio hatarini hutambulika kwa kupimwa kasi ya damu kichwani kwa mawimbi ya sauti, na kwamba kuwaongezea damu kwa taratibu maalumu hupunguza kiharusi cha kwanza kwa kiasi cha sehemu tisa katika kumi. Damu isipotosha, dawa ya haidroksiyurea hushika sehemu ya kazi hiyo. Muhimbili imefuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu tangu mwaka 2004. Bugando, Mwanza, imefanya kazi ya kupima vichwa vya watoto na kuwapa dawa hiyo. Na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, jirani na Singida, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huu.

Habari hizo hubadilisha jina la mambo. Zamani, kiharusi cha pili cha mtoto kiliweza kuitwa msiba, kwa sababu hakuna aliyejua. Jambo linapojulikana, na njia ya kulizuia ikajulikana, na njia hiyo ikawa iko safari ya siku moja, basi kila linapotukia pasipo mtu kujaribu kulizuia, neno msiba halitoshi tena. Elimu huongeza uwezo, na kwa kipimo hicho hicho huongeza hatia.

Mpaka lini, basi? Anayeuliza hivyo hutaka kujua siku deni litakapokwisha. Jibu haliwi siku ambayo mkono utakuwa kama ulivyokuwa, kwa kuwa pengine siku hiyo haimo katika kalenda. Wala haliwi siku ambayo wasaidizi watachoka. Liko katika neno lenyewe la kutengamaa. Mtoto ametengamaa anapokuwa na mahali pake: ana kazi anayoifanya nyumbani nayo huonekana ikikosekana, ana kiti shuleni, ana wenzake wa kucheza wanaomgombeza kama wanavyogombezana, na ana kesho anayoizungumzia. Mkono wake waweza kuwa umepinda bado. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wasema Waswahili. Lakini mhunzi aliyevunjikiwa na koleo huhitaji wenzake wa karakana wasimfukuze wakati anatafuta namna nyingine ya kushika chuma. Na kwa kuwa hujafa hujaumbika, karakana inayomwekea nafasi mtoto huyo inajiwekea akiba. Hakuna aliye ndani yake ajuaye ni mkono wa nani utakaofuata.